Cheti cha ndoa cha mwanangu kililowa mikononi mwangu, na sijamwambia

BARUA

Mwanangu mshauri, salamu. Barua hii naandikiwa na mjukuu wangu kwenye simu. Mimi natamka, yeye anabonyeza, kwa hiyo ukikuta mahali pamekaa kombo ujue ni haraka ya vidole vyake. Nimemwapisha asimwambie mtu.

Mimi ni mjane wa miaka 59, naishi Mtanda hapa Lindi mjini. Nauza ming'oko na karanga stendi, na nina shamba la mikorosho kule Mtama alilotuachia marehemu mume wangu. Binti yangu wa mwisho aliolewa Desemba 2021 hapahapa nyumbani. Mume asili yake ni Lindi, ila wazazi wake walimchukua kwenda Uingereza angali mdogo. Kakulia huko na sasa ana uraia wa huko. Alikuja likizo, wakaonana, posa ikaletwa, ndoa ikafungwa na shehe wa msikiti wetu. Kwa kuwa baba wa binti alishatangulia, walii alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu.

Mwanangu alikaa zaidi ya mwaka akihangaikia viza. Makaratasi yote aliyaskani steshenari moja karibu na stendi, nilimsindikiza mwenyewe, tukakaa pale mpaka umeme uliporudi. Viza ikatoka Aprili 2023. Siku ya kuondoka akanikabidhi cheti cha ndoa. Akasema, "Mama, picha yake ninayo kwenye simu, chenyewe kaa nacho wewe, sisi huko tutakuwa watu wa kuhamahama." Nikakifunga kwenye nailoni, nikakilaza chini ya khanga ndani ya sanduku la bati.

Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya. Wewe utakuwa unakumbuka barabara ya Dar ilivyokatika kule Somanga. Mimi nakumbuka bati zangu mbili za upande wa uani zilivyoondoka. Usiku ule nilikuwa na magunia manne ya mahindi, na kona kavu chumbani ilikuwa moja tu. Mahindi nikayasukumia pakavu, sanduku nikalisogeza ukutani. Nilijua panavuja. Niliwaza chakula, sikuwaza karatasi.

Sanduku nilikuja kulifungua wiki tatu baadaye. Khanga zimeota ukungu, cheti kimegandana na nailoni. Nilipokibandua, nusu ya maandishi ikabaki kwenye nailoni kama hina kiganjani. Jina la mume linasomeka. La mwanangu zimebaki herufi za mwisho. Muhuri umekuwa doa la zambarau. Namba ya juu zinaonekana tarakimu mbili tu, 47. Nilikaa chini nikashika tama. Nikakirudisha sandukuni, nikanyamaza.

Sasa mwezi uliopita mwanangu kapiga simu. Viza inaisha Januari 2026, wanatakiwa waombe kuongezewa muda. Simu yake ya zamani iliibiwa kwenye basi, picha zikaenda nayo. Anasema mwanasheria anataka cheti. Nikamjibu nimekihifadhi kwa mtu. Alipopiga tena nikasema huyo mtu kasafiri Masasi. Ijumaa iliyopita nikasema kauguliwa. Ana mimba ya miezi sita, mwanangu. Naogopa nikimwambia presha itapanda.

Sijakaa bure. Shehe aliyefungisha ndoa alifariki 2023. Msikitini wameniambia vitabu vyake vya ndoa alivichukua kijana wake anayeishi Mtwara. Nilikwenda ofisi moja ya serikali, wakapekua daftari, wakaniambia ndoa hiyo haionekani, labda shehe hakuileta. Natoka nje, kijana mmoja kanifuata mpaka kwenye mwembe. Laki mbili na nusu, siku nne, cheti kipya chenye tarehe ileile mpaka sahihi ya marehemu shehe. Nilimdokeza mkwe wangu kwamba cheti hakionekani, naye akasema, "Mama, lipa, nitatuma hela. Ikishindikana tutafunga ndoa upya huku."

Wakili mmoja hapa mjini kaniambia walii anaweza kula kiapo kwamba ndoa ilifungwa. Nikamwendea shemeji. Akanijibu mbele ya watu, "Nitakula kiapo siku utakayonirudishia mikorosho ya kaka yangu." Na huu ndio msimu, korosho ziko chini zinaokotwa, minada imeanza, kila mtu macho yako shambani. Anajua anachokifanya. Tangu harusi mwanangu hajampigia simu hata mara moja, lakini hilo linahusiana nini na kiapo?

Nimlipe huyo kijana wa mwembeni? Nimwachie shemeji mikorosho? Au niseme kweli, na mimba ile? Silali.

Mama wa Mtanda, Lindi

JIBU

Shikamoo mama.

Nianze na yale mahindi, maana naona ndiyo yanayokuumiza kuliko cheti. Usiku wa Hidaya bati zimeruka, una magunia manne na kona moja. Mtu aliyewahi kulala na njaa hawezi kukulaumu kwa ulichokisogeza pakavu. Unaliita kosa. Mimi nasoma mwanamke aliyekuwa peke yake gizani, akafanya hesabu ya usiku ule kwa kile alichokiona mbele yake.

Kama nimekuelewa, cheti cha ndoa kiliachwa kwako, maji yakakiharibu, viza ya binti inaisha Januari, na milango unayoiona ina bei: laki mbili na nusu kwa kishoka wa mwembeni, shamba kwa shemeji, au afya ya binti kwa ukweli. Ningependa tuikague hiyo milango pamoja kabla hujalipa popote, kwa sababu kuna mambo umeyataja kwa kupita tu na mimi nimekwama hapo.

La kwanza, cheti hakijapotea, mama. Kimelowa. Watu wenye huruma watakushauri uende polisi ukachukue ripoti ya upotevu, ni jambo la dakika chache. Ila utakuwa umetoa taarifa ya kupotea kwa kitu kilichomo sandukuni mwako. Hicho kipande ulichonacho, na nailoni yake yenye maandishi, ni mabaki ya hati halali. Usikipige pasi, usikipeleke kwenye laminesheni, usijaribu kukoleza herufi kwa kalamu. Kiweke katikati ya karatasi mbili nyeupe kavu ndani ya kitabu kizito, na mjukuu akipige picha mchana, mbele na nyuma, pamoja na nailoni. Zile tarakimu 47 zinaweza kumsaidia mtu anayepekua kitabu kuliko maelezo yako yote.

La pili, ningetamani kujua mwanasheria alisema nini hasa. Maneno yake yametoka kwake yakaenda kwa mkwe au kwa binti, yakapita kwenye simu, yakafika kwako yakiwa "anataka cheti". Cheti chenyewe? Nakala? Au tarehe na namba ya kujaza kwenye fomu? Kule siku hizi maombi hujazwa mtandaoni na hati zinapakiwa zikiwa zimeskaniwa. Viza ya kwanza ya mwenza aliyeomba akiwa nje ya nchi ni miezi 33, ya nyongeza ni miezi 30. Kwenye nyongeza jicho lao kubwa linaangalia kama hawa wawili bado wanaishi pamoja: barua na ankara zinazofika kwenye anwani moja, kwa kawaida sita kutoka sehemu zisizopungua tatu, zilizotawanyika ndani ya miaka miwili. Wanaangalia pia kipato, na Kiingereza kilichopanda daraja kidogo. Sisemi cheti hakitaulizwa. Mwanasheria anaweza kukitaka na akawa na sababu. Nasema huenda uzito ulioubeba wewe si ule alioutaja yeye. Mwombe binti akutumie ujumbe wa mwanasheria kama ulivyo, neno kwa neno. Na wahakikishe ni mtu anayetambuliwa kisheria kutoa ushauri wa uhamiaji huko, si ndugu wa rafiki.

Halafu kuna ile steshenari. Umeitaja kwa sentensi moja, ukaikumbuka kwa sababu ya umeme. Cheti kiliskaniwa pale. Kikishaskaniwa hakikubaki hewani, kilitumwa kwenye barua pepe ya mtu au kilibebwa kwenye flashi, na mwisho wake kilipakiwa kwenye maombi ya 2023. Simu kuibiwa hakufuti barua pepe. Kama binti anakumbuka anwani aliyotumia, au mkwe ndiye aliyejaza fomu, picha safi ya cheti, yenye namba kamili, inaweza kuwa imelala kwenye kisanduku cha barua tangu siku ile. Wenye kuweza kuitafuta ni wao. Ila binti hawezi kutafuta kitu anachoamini kipo salama kwa mtu aliyekwenda Masasi.

Kuhusu usajili, ofisi moja kutoliona jina kwenye daftari lake si mwisho wa njia. Mfungishaji ndoa mwenye leseni huiandika ndoa kwenye kitabu, na taarifa yake inatakiwa kumfikia Msajili. Ikikwama njiani, kitabu kinabaki. Kijana wa marehemu shehe yuko Mtwara, kilomita mia na kidogo kutoka hapo ulipo. Unaondoka na gari la asubuhi unarudi kulala kwako. Je, kuna aliyempigia, au tumeishia kusikia kwamba vitabu viko kwake? BAKWATA ya wilaya, yaani baraza la Waislamu, nao waulizwe, maana mashehe wafungishaji wanajulikana kwao. Na RITA, ambao ndio wenye rejesta ya ndoa nchini, waulizwe kwa majina ya wote wawili, ya walii na ya mashahidi, pamoja na tarehe. Ndoa ikionekana, unaomba nakala iliyothibitishwa. Ikionekana kitabuni lakini haikusajiliwa, uliza utaratibu wa kuisajili kwa kuchelewa. Hati ya namna hiyo itakuwa na tarehe ya kutolewa ya mwaka huu, na wengi wanaiogopa tarehe hiyo mpya. Binafsi sioni cha kuogopa, inaelezeka kwa barua fupi yenye neno kimbunga ndani yake. Kinachonitia wasiwasi ni muda: barua za ofisini huenda kwa mwendo wake, na Januari haisubiri.

Lipo jingine ambalo huenda litakupunguzia mawazo ya usiku. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi kwamba ndoa isiyosajiliwa si ndoa. Kutosajiliwa peke yake hakuibatilishi. Binti yako ni mke wa mtu tangu Desemba 2021, hata kama karatasi ingeliwa na mchwa. Shida iliyopo ni ya kuthibitisha.

Sasa huyu kijana wa mwembeni. Sitakufokea, mama. Anajua saa ya kumfuata mtu, ni ile anayotoka ofisini macho chini. Lakini tazama anachouza. Nakala ya cheti halisi, chenye sahihi halisi na namba yenye 47 ndani yake, iko tayari kwenye faili la Uingereza tangu maombi ya kwanza. Yeye atakuletea kingine chenye namba aliyoitunga na sahihi ya marehemu aliyoichora juzi. Ofisa akiviweka kimoja kando ya kingine, ndoa ya kweli itaonekana ya uongo. Hapa kwetu kughushi hati kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 7. Huko, hati ya uongo ni sababu ya kukataliwa, na marufuku yake inaweza kufika miaka 10. Atakayekuwa ameweka jina lake kwenye fomu si kishoka wala si mimi. Ni binti yako, akiwa na mtoto mchanga. Mkwe aliposema "lipa", sijui kama aliambiwa ni sahihi ya nani inayouzwa. Umesema ulimdokeza tu.

Ile ya mkwe ya kufunga ndoa upya huko, nayo aizungumze kwanza na mwanasheria wao. Ili kuandikisha ndoa kule mtu hutakiwa kutaja hali yake ya ndoa, na hawa wawili walishaiambia serikali ileile mwaka 2023 kwamba ni mume na mke.

Nije kwa shemeji. Hapa niruhusu nikuulize swali ambalo huenda usilipende. Una hakika anachodai ni mikorosho? Umeandika kwamba tangu harusi binti hajampigia simu hata mara moja, kisha ukauliza linahusiana nini. Mtu huyu alikaa mahali pa kaka yake, akashikana mkono na bwana harusi, akamtoa binti. Miaka minne kimya. Siku anakumbukwa, anakumbukwa kwa sababu ya sahihi. Mzee wa Kusini hawezi kusema mbele za watu "mmenisahau", atasema "nirudishieni shamba". Naweza kuwa nimekosea, wewe ndiye unayemjua, na inawezekana anaitaka mikorosho kweli. Njia ya kujua ni kumwendea siku moja bila karatasi mkononi, peke yako au na mtu anayemheshimu, na binti ampigie kumsalimia kabla hajaombwa lolote. Hatari ipo: anaweza kuona mnambembeleza akapandisha bei. Akifanya hivyo utakuwa umejua.

Ila hilo la shamba usilifungie fundo kwenye kiapo. Mali ya marehemu ina njia yake, ina msimamizi wa mirathi na mahakama ya mwanzo, na haifai kuamuliwa mwezi wa mnada mtu akiwa amekukaba. Tena kiapo kilicholipiwa kwa mikorosho, siku shemeji akikasirika tena, ataweza kusema kilinunuliwa. Na kwani yeye ndiye peke yake? Ndoa ile ilikuwa na mashahidi wawili. Ilikuwa na majirani, wapishi, mpiga picha. Uliza huyo wakili wako kama viapo vya mashahidi, pamoja na picha za siku ile na mabaki ya cheti, vinaweza kusimama bila ya walii. Kiapo chochote ni msaada tu, hakilingani na cheti, na anaweza kutokea ofisa asiyeridhika nacho. Sitaki ukitegemee kupita kiasi.

Limebaki la binti, na hapa ndipo ninapokwenda taratibu. Hofu yako ya presha si ya kubezwa, mimba ya miezi sita ni mimba ya miezi sita. Lakini jaribu kukaa upande wake wa simu. Amesikia kwamba mtu wa cheti yuko Masasi, kisha kauguliwa. Kila akipiga anakata simu bila jibu huku kalenda inakwenda. Hajui kinachoendelea, ila mtoto anaijua sauti ya mama yake. Sijui kama hiyo siyo presha pia. Je, ni habari ipi itamtikisa zaidi, ya kusikia mwezi huu, ukiwa bado muda wa kutafuta, au ya kusikia Januari? Ombi likiingia kabla viza haijaisha, binti hubaki huko kihalali wakati anasubiri majibu. Likichelewa, kesi inakuwa nyingine kabisa. Hizi wiki ulizonazo ndizo zenye thamani.

Kama kumwambia moja kwa moja kunakushinda, unaweza kuanza na mkwe, umweleze yote safari hii, si kumdokeza, ili awe kando yake unapozungumza. Wengine wangemtaka mkwe aseme mwenyewe. Hatari ya njia hiyo ni binti kuona alizungukwa na watu wawili anaowaamini. Anaweza kukukasirikia, na anaweza kulia. Unaweza pia kuamua kusubiri siku chache mpaka umekwenda Mtwara, ili ukimpa habari mbaya uwe na ya kuitanguliza. Hilo nalo ni lako kupima, maana safari ya Mtwara inaweza kurudi mikono mitupu.

Umesema mara ya mwisho mlizungumza Ijumaa, basi Ijumaa hii mpigie wewe. Saa tatu ya usiku kwako, kwake ni saa kumi na mbili jioni, kazini keshatoka, na akikumbuka kufungua barua pepe usiku uleule hatakuwa amechelewa. Na huyo mjukuu uliyemwapisha, mfungulie kiapo chake, mama. Mwache naye aulize pale steshenari, vijana wale wana tabia ya kutofuta mafaili ya wateja.